Kona Kumi na Sita

Watu hupenda kuniuliza niliona nini kule chini. Hawa wa magazeti, hawa wa kibanda cha soseji, hata mchungaji wetu. "Falk, hebu niambie, mlima unaonekanaje ukishuka kwa kasi ile?" Hauonekani. Miaka kumi na moja nimeshuka mlima ule, mara elfu na ushei, na sijauona hata siku moja. Mimi ni mtu wa breki. Nasukuma bobu, naruka ndani nyuma ya dereva, nainamisha kichwa katikati ya magoti, basi. Ninachokiona ni mgongo wa Silvio Reichelt na mshono wa nguo yake ya mashindano. Mshono ule naujua kuliko uso wa mke wangu, na mke wangu analijua hilo, wala halimfurahishi.

Bobu yenyewe ni kigari cha watu wawili, chembamba, chenye vyuma vinne chini, kinachoteleza ndani ya mfereji wa barafu. Wetu una kona kumi na sita. Kutoka juu hadi chini hammalizi dakika, na mwendo unafika kilomita mia na thelathini kwa saa. Kuna breki moja, na breki ile ni yangu. Ukivuta kabla ya mstari wa mwisho, meno yake yanachimba barafu, na hapo mnapinduka, au mkibahatika mnafutwa kwenye mashindano. Ukichelewa, mnapitiliza mpaka kwenye magodoro. Sasa mtu aliyeinamisha kichwa anajuaje kwamba amefika? Anahesabu. Kona ikikulalia kushoto, moja. Ikikulalia kulia, mbili. Ya tisa tunaiita Duara, inakukandamiza mpaka kidevu kinagusa kifua. Baada ya Duara zinakuja tatu za harakaharaka, kama mtu anayekohoa: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ya kumi na sita ikikuachia unasema moja, mbili, unavuta. Hakuna taa wala kengele. Ni tumbo lako na hesabu yako tu.

Kwetu ni Zinngrund, huku kwenye milima ya Saksonia, mpakani na Ucheki. Mgodi wa kijiji ulipofungwa, baba yangu alikosa kazi, akaenda kunyunyizia maji mfereji ule usiku kucha ili uwe barafu, kwa hiyo ninaposema nimeshuka mgongoni mwa baba yangu sitanii. Mimi mwenyewe nilikuwa mkimbiaji. Mita mia nilikimbia kwa sekunde kumi nukta sita. Hapa kijijini nilikuwa radi, kwa Ujerumani nzima nilikuwa mtu wa kawaida tu. Siku moja akaja Kocha Lothar Hänel kwenye shule yetu ya michezo, akanitazama, na saa hakuiangalia hata kidogo.

"Kukimbia hujui," akaniambia. "Unakimbia kama mtu aliyeibiwa. Lakini hayo mapaja ni ya ng'ombe wa kulima. Njoo usukume kitu."

Nikaja, nikasukuma. Wakaniandikisha jeshini ili nipate pa kulala na muda wa kufanya mazoezi, na bunduki nimeishika mara mbili. Kila Oktoba tunasukuma kigari cha majaribio kwenye reli, muda unabandikwa ukutani, na dereva anasimama mbele yetu anachagua mtu wake kwa kidole. Haombi, wala hashukuru. Miaka kumi na moja, kila Oktoba, kidole cha Silvio kilinielekea mimi. Yeye ni mtoto wa mwoka mikate wa kwetu, amenizidi miaka mitatu, mtu mfupi mwenye mikono midogo kama ya fundi saa. Alisimama msimamizi kwenye harusi yangu. Binti yangu Lene anamwita Anko. Tulishika nafasi ya pili kwenye ubingwa wa dunia mara mbili, na mara zote mbili Silvio alilia na mimi nikambebea begi.

Halafu mwaka juzi, Januari, tukapinduka. Haikuwa kwetu, ilikuwa ugenini. Bobu ikalala ubavu, ikateleza hivyo hivyo mita mia nne, kichwa changu kikiburuzwa juu ya barafu ndani ya helmeti. Bega liliungua. Ndiyo, barafu inaunguza, usibishe. Niliinuka mwenyewe, nikapunga mkono, watu wakapiga makofi na kengele zao za ng'ombe.

Ganzi ilianzia vidoleni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, nikavisugua, nikasema baridi. Baadaye nikagundua haikuwa vidole. Baba alipofariki mwezi wa Aprili nilisimama kaburini nikaangalia udongo, nikawaza kwamba udongo ule umelowa na itabidi viatu vyangu vipigwe brashi. Ndicho nilichowaza. Lene alipong'oka jino la kwanza akaniletea mkononi, nikasema "vizuri sana" kama mtu wa posta. Antje, mke wangu, alinitazama mezani siku ile akaacha kijiko.

"Wamenirudishia nusu," alisema. "Ile nyingine wameiacha kwenye barafu ya watu."

Utauliza, na madaktari je? Hapo sisi watu wa bobu tuna ujanja wetu, na ujanja wenyewe ni upumbavu mtupu. Kila Septemba tunafanya mtihani wa akili kwenye kompyuta: kumbuka maneno haya, bonyeza ukiona pembetatu. Alama zile zinatunzwa. Ukigonga kichwa unarudia mtihani, na ukishuka unakaa nje. Basi sote Septemba tunafanya vibaya kwa makusudi. Tunasahau maneno, tunachelewa kubonyeza. Ili siku ukigonga kichwa kweli, usionekane umeshuka. Mimi baada ya ile ajali niliufanya mtihani kwa nguvu zangu zote, nikatoka jasho, nikapata alama zile zile za Septemba. Daktari akasema, "Hongera, Bwana Uhlig, hakuna tofauti." Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema, lakini bibi yangu hakuwahi kusukuma bobu.

Tangu hapo kona zilianza kunipotea. Nafika Duara vizuri, tisa, halafu zile tatu za kukohoa zinaingia ndani ya kichwa na hazitoki. Nabaki nimeinama, sijui ni ya kumi na moja au ya kumi na nne. Lakini ajabu ni kwamba breki sikuikosea. Kila mara mikono ilivuta pale pale panapotakiwa. Nikajiambia, mikono inajua. Akili ikichoka mikono inashika kazi, si ndivyo wanavyosema? Tena Silvio naye siku hizo alikuwa ameanza mtindo wa kupiga kelele tukimaliza, "Hooooya!", kama mchunga mbuzi, mpaka watangazaji wa televisheni wakawa wanamwigiza. Ukimuuliza anasema, "Nazeeka, bwana. Niacheni nifurahi." Na mimi nikawa namwacha afurahi.

Mwaka huu ubingwa wa dunia ulikuja kwetu. Februari, mfereji wetu, majirani zetu kwenye kona. Silvio ana miaka thelathini na sita, alishatangaza kwamba hii ni ya mwisho. Jumapili moja kabla, tulikuwa jikoni baada ya chakula. Antje alikuwa amepika nyama ya kuoka na madonge ya viazi, tumbo limejaa, na Lene akataka tucheze mchezo wetu. Tunao huu mchezo tangu akiwa na miaka mitatu. Anakaa mbele kwenye benchi la jikoni, ameshika miiko miwili, yeye dereva. Mimi nakaa nyuma yake nimeinamisha kichwa, nahesabu kona kwa sauti, na sote tunalala kushoto, tunalala kulia. Antje anatupimia kwa ile saa ya kuchemshia mayai. Mwisho navuta mto wa benchi, hiyo ndiyo breki.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu." Tukaenda hivyo. "Tisa, Duaraaa." Lene akanilalia kifuani akicheka. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na tatu..."

"Simama!" Lene akageuka. Ana miaka saba, na kwenye mchezo huu hana mchezo. "Baba, umeruka ya kumi na mbili."

"Sijaruka."

"Umeruka! Na juzi uliruka mbili. Haihesabiki. Tunarudi juu."

Tukarudi juu. Safari ya pili nilisema kumi na moja mara mbili. Safari ya tatu nilifika Duara, nikanyamaza. Nilikuwa nimeinama, naona kitambaa cha gauni lake, namba hazipo. Lene akashuka kwenye benchi akaenda kurudisha miiko kwenye droo, moja moja, polepole, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila kuambiwa.

Antje alisubiri mtoto atoke nje na sleji yake ya theluji.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Falk, usinifanye mjinga nyumbani kwangu."

Nikamwambia. Alisikiliza amesimama, mikono ina povu la sabuni. Alipoanza kusema hakupandisha sauti. "Ukivuta kabla ya wakati, mtakufa wawili. Usipovuta, mtavunjika wawili. Na hata ukivuta vizuri, kila ukishuka unapungua. Utamwambia Silvio. Kabla ya mashindano, siyo baada."

"Nikimwambia atamchukua Henning." Henning ndiye wa akiba, kijana wa miaka ishirini na miwili, shingo nene, heshima nyingi.

"Amchukue."

"Antje, hii ni ya mwisho ya Silvio. Tena hapa nyumbani."

"Na sisi ni wa mwisho wa nani?" Akajifuta mikono. "Sikio la kufa halisikii dawa. Usipomwambia, siji uwanjani na Lene haji. Sitamleta mtoto asimame kwenye kona na kengele kumpigia baba yake anayejiua."

Nilijua ana haki. Nilijua kama mtu anavyojua koti lake lipo kabatini, bila kulivaa. Nikasema, "Nitamwambia."

Jumatatu sikumwambia. Jumanne tulikuwa na mazoezi, nikasema nitamharibia mazoezi. Ijumaa tulikula soseji pamoja tumesimama kwenye theluji, akanisimulia habari za tanuri jipya la mama yake, nikasikiliza habari za tanuri. Jumamosi mashindano yakaanza, tukashuka mara mbili kati ya nne, tukaongoza. Jumapili asubuhi tukashuka mara ya tatu, bado tunaongoza, kwa sehemu kumi na moja za sekunde iliyogawanywa mia. Imebaki moja. Mara zote tatu mikono yangu ilivuta sawasawa, na mara zote tatu baada ya Duara nilikuwa gizani. Simu ikalia mfukoni, ujumbe wa Antje: *Umemwambia?*

Kati ya mbio ya tatu na ya nne tunakaa kwenye kibanda chetu cha vifaa kupiga vyuma vya bobu msasa. Vyuma vile ni vya dereva, Silvio hulala navyo chumbani, amevifunga kwenye blanketi la mama yake. Mtu mwingine haruhusiwi kuvigusa ila mtu wake wa breki. Unaanza na msasa mkavu, unakwenda kwenye laini, laini zaidi, mpaka ukipitisha kidole gumba hakisikii kitu. Na mnafanya kimya. Hiyo ni miiko yetu, kwenye msasa hakuna anayesema, hata Kocha akiingia hunyamaza. Miaka kumi na moja hatujawahi kuvunja.

"Silvio," nikasema, "sihesabu tena."

Hakuinua kichwa. "Huhesabu nini?"

"Kona. Zinanipotea baada ya Duara. Tangu ile ajali. Nafika chini sijui nipo wapi. Mikono tu ndiyo inayojua."

Alipangusa chuma kwa kitambaa chenye spiriti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiangalia kwa jicho moja. Nje mkutano mzima wa watu ulikuwa unaimba.

"Mikono yako haijui kitu, Falk," akasema. "Mimi ndiye ninayekuambia."

"Unaniambia nini?"

"Hooya."

Nilikuwa nimeshika karatasi ya msasa. Nakumbuka niliigeuza nikaangalia namba yake nyuma.

"Wiki mbili baada ya ajali," Silvio akaendelea, "tulikuwa mazoezini, ulivuta tukiwa kona ya kumi na tano. Tulinusurika chupuchupu. Unakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Hukukumbuka hata jioni ile ile. Ulinicheka, ukaniuliza nani kachimba barafu. Nikamwambia Kocha nimegonga ukuta mimi. Toka hapo nikiona mstari napiga kelele, na wewe unavuta. Unavuta vizuri mno, kusema kweli."

"Nilidhani unafurahi."

"Na mimi nilitaka udhani hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ya Silvio huwa mekundu kila siku ya mashindano. "Ningekuambia, ungekwenda kwa daktari. Daktari angekuweka nyumbani. Halafu nani angenisukuma? Henning? Henning ananipa sekunde tano nukta moja pale juu tukisukuma. Wewe unanipa nne nukta tisa tisa." Akasema hivyo kwa upole, kama anamweleza mteja bei ya mkate. "Na wewe ulinificha miaka miwili, bwana. Tuko sare."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ile nguo niliitazama mshono miaka kumi na moja. Nilingoja hasira. Nikaipa muda kabisa, nikakaa kwenye ndoo nikaingoja kama basi. Haikuja. Nilichokisikia ni baridi ya ndoo.

"Chagua mwenyewe," akasema Silvio. "Henning yupo hapo nje, amevaa tayari. Ukisema huwezi, nitaelewa." Akarudi kwenye chuma. "Lakini ukisema unaweza, piga kile cha kushoto, bado kinakwaruza."

Nikapiga kile cha kushoto.

Kabla hatujatoka nilimjibu Antje: *Nimemwambia.* Ilikuwa kweli, na nilijua ataelewa kwamba anashuka Henning. Alijibu kwa moyo mwekundu, kitu ambacho hakuwa amenitumia muda mrefu.

Pale juu Kocha Lothar alinipiga makofi mawili ya mgongo, akanipa salamu ya wachimba madini wa kwetu, ile waliyopeana kabla ya kuteremka shimoni: "Heri utoke juu." Nikaitikia, "Heri utoke juu." Baada ya hapo nitakueleza ninachokikumbuka mimi mwenyewe, siyo nilichokiona baadaye kwenye televisheni. Nakumbuka njumu zikiuma barafu. Nakumbuka mpini wa bobu. Niliusukuma kama ninavyoujua, na mguu ulikuwa bado wangu, hilo naapa. Nikaruka ndani, nikainama, nikaona mshono. Sikuhesabu. Hata moja sikusema. Kwa nini nihesabu? Nikawa mzigo, na mzigo hauna wasiwasi. Duara ikanikandamiza. Halafu hakuna kitu. Halafu "Hooooya," na nikavuta.

Wanasema tulishinda kwa sehemu kumi na tisa za mia. Wanasema Silvio alinibeba, yeye mfupi, mimi kilo mia na mbili, na tukaanguka wote kwenye theluji. Kwenye picha nipo jukwaani, mdomo wangu unaimba wimbo wa taifa, na nimevaa ile kofia ya sufu aliyonifumia mama yake Silvio. Picha ni nzuri. Ningekuonyesha.

Niliporudi nyumbani jioni ile, Lene alikuwa amelala na Antje alikuwa jikoni. Taa ya mishumaa ya Krismasi, ile ya upinde tunayoiweka dirishani, ilikuwa bado ipo, ingawa Februari ilikuwa inakwisha.

"Ulisema umemwambia," akasema.

"Nilimwambia."

"Na yeye akasema nini?"

"Alikuwa anajua."

Antje akakaa. Akauliza tangu lini, nikamwambia. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia muda mrefu, na mimi nikamtazama, nikaenda kumletea maji. Ndicho kilichonijia, maji.

Jumatatu shule ya Lene ilifungwa kwa ajili ya sherehe. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeketi jikoni na mkate wa siagi. Lene akaingia amevaa medali juu ya nguo za kulalia, inampiga tumboni anapotembea.

"Baba, twende."

"Wapi?"

"Chini!" Akatoa miiko, akakaa mbele kwenye benchi. Antje alikuwa kwenye sinki, hakugeuka, lakini alifunga bomba.

Nikakaa nyuma ya mwanangu, nikainamisha kichwa. Nikasema moja. Nikasema mbili. Tukalala kushoto, tukalala kulia. Tisa, Duara, akanilalia kifuani, nikasema kumi. Baada ya kumi ikawa kama jana. Niliona kitambaa cha nguo yake, vinyota vidogo vya njano, na namba hazikuwepo. Nilingoja anisimamishe. Nilitaka anisimamishe, aniambie haihesabiki, turudi juu. Lene aliendelea kulala kushoto, akalala kulia, peke yake, kimya, mpaka mwisho, kisha akainua kichwa akapiga kelele kwa sauti yake nyembamba:

"Hooooya!"

Mkono wangu ukavuta mto.

Akageuka, amefurahi mpaka masikioni. "Umeona? Nimekusaidia! Sasa hutakosea tena. Nitakuwa nakupigia kelele kama Anko Silvio."

"Lene," nikasema. "Niliruka ngapi?"

Akamtazama mama yake mgongoni. Akatazama medali, akaigeuza kwa vidole. Mtoto yule hajawahi kunidanganya, hata biskuti zikiibwa husema ni yeye.

"Hakuna, Baba," akasema. "Zilitimia zote."

Hapo ndipo nilipoumia. Sijui niseme vipi. Miaka miwili nilikuwa nimegandishwa, nimezika baba bila kuumia, nimeuzwa na rafiki bila kuumia, na sasa iliingia yote kwa mara moja, kifuani, vidoleni, mpaka meno yakauma. Nilimvuta nikamkumbatia, medali ikatubana katikati, akasema, "Baba, unaniumiza," nikamwachia kidogo.

"Niliruka sita," nikamwambia. "Ukiona nimeruka, unisimamishe. Kama zamani. Umesikia? Usinifiche."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikasirika."

"Hata ukilia?" maana nilikuwa nalia.

"Hata nikilia."

Akafikiri. Akashuka kwenye benchi, akaivua medali akaiweka mezani kando ya mkate wangu. "Basi uliruka sita," akasema. "Haihesabiki."

Antje alikuwa ameshageuka. Nikamwomba namba ya daktari wa hospitali ya mjini, ile aliyoibandika kwenye jokofu tangu Aprili, na mimi kila siku naipita nikichukua maziwa. Nilishika simu. Yeye akanisomea tarakimu moja moja, akingoja nimalize kubonyeza kila moja, na Lene akawa anazihesabu kwa vidole ili kuhakikisha sijaruka.